Mashini Ikisema Wimbo Wako Si Wako

Msomaji mpenzi, nakuuliza swali ambalo huenda ukalicheka. Ndege wakiimba mtini alfajiri, uimbaji wao ni mali ya nani? Najua utajibu kwamba si mali ya mtu. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejibu hivyo. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2012 ilitokea mashini iliyojibu vingine, na kampuni nzima ya watu wazima ikasimama nyuma yake.

Habari yenyewe ni hii. Mtu mmoja alikwenda porini kuchuma mboga za mwitu, kama akina mama wa kwetu wanavyochuma mchunga na mlenda baada ya mvua. Akajipiga picha za video akiwa kazini, ili kuwaonyesha wengine mboga zipi zafaa kuliwa. Hakufungulia redio, wala hakuimba. Kilichosikika nyuma ya maneno yake ni ndege tu. Akaiweka video hiyo katika YouTube, yaani ule uwanja mkubwa wa mtandao ambamo watu wa dunia nzima huweka video zao, nawe huzitazama katika simu ya kijana wako jioni. Haikupita muda akaletewa taarifa: video yako ina muziki ambao ni mali ya kampuni iitwayo Rumblefish.

Akashangaa. Akajibu kwamba hapana muziki wo wote humo, ni ndege wa porini. Kampuni ikaarifiwa, ikajibu kwamba dai lake ni la haki na halitaondolewa. Zaidi ya hapo hapakuwa na mlango wa kupiga hodi. Basi akaenda kuwasimulia watu wengine mtandaoni, na habari ikaenea kama moto wa majani makavu. Hapo ndipo mkuu wa kampuni alipokiri kwamba wamekosea, na dai likafutwa. Angalia vizuri, msomaji: hakuokolewa na utaratibu wo wote. Aliokolewa na kelele.

Utasema, hayo ni ya watu wa mbali na mashini zao. Ngoja kidogo. Siku hizi kwaya ya kijiji huchanga fedha miezi na miezi, kwa kuuza mahindi na kulima kibarua katika mashamba ya watu, ili iende mjini kurekodi nyimbo zake. Zamani ilirudi na sanduku la kaseti, zikauzwa mlangoni baada ya Misa. Leo sanduku hilo halipo tena. Nyimbo huwekwa mtandaoni, na huko hukutana na mashini ile ile iliyowadai ndege. Kwa ajili hiyo yafaa tuijue jinsi ilivyo, ili siku itakapobisha hodi kwetu tusibaki kutazamana.

Daftari la chapa

Wafugaji watanielewa upesi. Mwenye ng'ombe wengi huwapiga chapa, ili asibishane na mtu. Sasa fikiri mnada mkubwa kupita minada yote uliyoiona, na penye lango lake karani mmoja mwenye daftari la chapa. Kila ng'ombe anayeingia, karani humtazama ubavuni, hufungua daftari, hulinganisha. Chapa ikifanana na iliyo daftarini, humwita yule aliyeiandikisha: njoo, ng'ombe wako yuko hapa.

YouTube ina karani wa namna hiyo. Jina lake ni Content ID, nayo ilianza kazi mwaka 2007. Mwenye muziki au filamu huipelekea nakala ya kazi yake. Mashini huichukua nakala hiyo na kuitolea alama, namna sauti inavyopanda na kushuka na kupigwa, kama vile alama ya kidole gumba inavyotolewa kwenye hati ya shamba. Kisha kila video inayoingia hulinganishwa na alama zote zilizomo. Na zinazoingia si haba: YouTube yenyewe imesema kwamba kila dakika moja ya saa huwekwa video za zaidi ya masaa 500. Hata wangeajiriwa watu wa wilaya nzima, wasingeweza kuzitazama.

Alama zikifanana, karani hamwulizi mtu neno. Mwenye chapa amekwisha mwagiza tangu mapema la kufanya. Ama video izuiwe isionekane. Ama iachwe ionekane, lakini fedha za matangazo ya biashara zimwendee yeye. Ama ahesabiwe tu ni watu wangapi wameitazama. Walio wengi sana huchagua fedha, nami siwalaumu.

Hapo nataka tuwe na haki. Mashini hii haikuzaliwa kwa uovu. YouTube ilipoanza, mwaka 2005, watu waliweka humo nyimbo na sinema za wengine kwa maelfu, bila kumwomba mtu. Mwaka 2007 kampuni ya Viacom ya Marekani iliishtaki ikitaka fidia ya zaidi ya dola bilioni 1, na kesi hiyo haikumalizika mpaka mwaka 2014, kwa mapatano. Mtunzi wa nyimbo ni mtu wa jasho kama mkulima. Anayechukua wimbo wake na kujipatia fedha kwa huo hana tofauti na anayevuna shamba asilolima. Kwa njia ya mashini hii wenye kazi wamepata fedha ambazo zamani wasingeziona: hadi mwisho wa mwaka 2022, YouTube yasema, zilikuwa zimefika dola bilioni 9. Hayo ni mema, tuyahesabu kuwa mema.

Tabu yake ni nyingine. Karani huyu anajua chapa, hamjui mwenye ng'ombe. Hajui kama ulimnunua, kama ulipewa mahari, kama ni wa urithi. Hajui kama yule aliyeandika chapa daftarini alisema kweli. Na wala si kila mtu anaruhusiwa kuandikisha chapa yake. Daftari hili limefunguliwa kwa maelfu machache ya makampuni na mashirika makubwa yenye mali nyingi za kulinda. Kwaya ya kijiji haimo, ila kwa kupitia mkono wa mwingine.

Wimbo wa marehemu wa miaka 268

Septemba 2018 mpiga kinanda mmoja mashuhuri wa Uingereza, James Rhodes, alijirekodi nyumbani kwake akipiga muziki wa Johann Sebastian Bach. Akauweka katika Facebook. Ikaja taarifa kwamba sekunde 47 za muziki huo ni mali ya kampuni ya Sony, na sauti yake ikazimwa. Sasa Bach alifariki mwaka 1750. Hakuna nchi duniani ambayo sheria yake yaendelea kuzilinda nyimbo za mtu aliyekwisha lala kaburini miaka 268. Na vidole vilivyopiga vilikuwa vya Rhodes mwenyewe.

Kosa lilitoka wapi? Hapa yafaa twende polepole, maana ndipo penye fundo. Katika wimbo mmoja mna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na sauti zilivyopangwa. Ya pili ni rekodi, yaani uimbaji fulani wa siku fulani ulionaswa na chombo. Utunzi wa Bach ni wa watu wote sasa. Lakini mtu akiupiga leo na kuurekodi, rekodi ile ni mali yake, na kampuni inaweza kuipeleka penye daftari bila kosa lo lote. Kisha aje mwingine kama Rhodes, apige wimbo ule ule, kwa noti zile zile, kwa kinanda cha namna ile ile. Atasikika tofauti? Kwa sikio la fundi, ndiyo. Kwa mashini, mara nyingi hapana. Rhodes alikataa dai, akajibiwa kwamba kukataa kwake hakukubaliwa. Akafanya kama yule mchuma mboga, akapiga kelele hadharani, na dai likaondolewa. Mwaka ule ule mwalimu mmoja wa muziki, profesa wa Ujerumani, alieleza jinsi rekodi za Beethoven, Schubert na wengine wa zamani, alizoziweka mtandaoni ili kufundishia, nazo zilivyodaiwa na mashini.

Hili liligusa hata makanisa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga milango ya makanisa Ulaya na Marekani, mapadre na wachungaji wengi waliwapelekea waamini ibada kwa njia ya mtandao. Mgonjwa kitandani na bibi kizee mwenye kuishi peke yake wangeweza kusali pamoja na wenzao. Mara wimbo ukianzishwa, sauti yakatika. Midomo ya waimbaji yaonekana ikichezacheza, hakuna kisikikacho. Mashini imesikia wimbo ufananao na rekodi fulani, ikafunga. Pengine wimbo wenyewe ni wa zamani usio na mwenyewe tena. Pengine parokia ilikuwa imelipia ruhusa ya kuuimba. Karani hakuuliza risiti.

Nikuchekeshe kidogo kabla hatujaendelea. Mwanamuziki mmoja wa Australia aliweka video ya masaa 10 yenye mvumo mtupu, sss… kama redio iliyokosa stesheni. Aliutengeneza mwenyewe kwa kompyuta. Kufikia Januari 2018 mvumo ule ulikuwa umedaiwa mara 5. Yaani watu mbalimbali walisema: sss hii ni yetu. Na Agosti 2012, shirika la Marekani la anga za juu, NASA, lilipoteremsha gari lake kwenye sayari ya Mars, liliweka video ya tukio hilo, mali yake lenyewe. Baada ya muda mfupi video ikazuiwa kwa dai la kampuni moja ya habari. Kampuni hiyo ilikuwa imeazima picha za NASA kwa matangazo yake. Ndiyo kusema aliyeazima ng'ombe ndiye aliyeonekana mwenye ng'ombe. NASA ina wanasheria na sauti kubwa, video yake ikarudishwa siku ile ile. Lakini ingekuwa kwaya yako?

Wenye kimya

Sasa tazama hesabu, kwa kuwa bila hesabu haya yangekuwa visa tu vya barazani. Mwaka 2021 YouTube ilitoa kwa mara ya kwanza taarifa ya madai yote. Katika miezi 6 ya kwanza ya mwaka huo, mashini ilisajili madai zaidi ya milioni 722. Katika kila madai 100, zaidi ya 99 yalifanywa na mashini yenyewe, bila jicho la mtu. Na walioyakataa ni wangapi? Hawakufika hata mmoja katika mia. Hesabu yao ilikuwa kama milioni 3 na laki 7.

Wenye mashini wanasema: mnaona? Watu hawalalamiki, basi mashini inasema kweli. Lakini endelea kuisoma taarifa hiyo hiyo. Katika wale waliothubutu kukataa, 6 katika kila 10 walishinda. Madai milioni 2 na laki 2, katika nusu mwaka tu, yalianguka kwa sababu mtu alijibu.

Mimi kimya cha wale wengine sikihesabu kuwa ni kukiri. Bila shaka wengi wao walikuwa wamechukua kweli mali ya wengine, nao walijijua. Lakini tunawajua watu wetu. Karatasi yenye mhuri ikifika nyumbani, baba huisoma mara mbili, huikunja, huitia chini ya godoro. Anaogopa. Anafikiri walioandika wana elimu kumpita, hivyo hawawezi kukosa. Na taarifa ya mashini huja kwa maneno makali ya sheria, tena mara nyingi kwa Kiingereza, na ndani yake mna onyo kwamba mwenye kukataa kwa uongo aweza kupata hasara. Kijana anayeshughulikia simu ya kwaya hutetemeka, hufuta wimbo, hakumwambia hata mwenyekiti. Kazi ya miezi minane imekwenda na maji kwa kubonyeza kidole mara moja.

Wako na wezi wanaoishi kwa kimya hicho. Katika jimbo la Arizona, huko Marekani, watu wawili walijifanya wenye haki juu ya nyimbo zaidi ya 50,000, nyingi zikiwa za waimbaji wa Kihispania wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Walitafuta nyimbo ambazo hakuna aliyeziandikisha daftarini. Wakaziandikisha wao. Kuanzia mwaka 2017 fedha zikaanza kuwamiminikia, hata zikapita dola milioni 23. Waimbaji wenyewe, wengi wao wadogo, hawakujua, ama walijua wakakosa pa kusemea. Serikali ya Marekani iliwashtaki watu hao mwaka 2021. Wote wawili walikiri, na mmoja wao alihukumiwa mwaka 2023 kifungo cha miaka 5 na miezi 10. Yaonyesha kwamba mwizi wa namna hii hahitaji kuvunja mlango. Anahitaji tu mwenye mali asiyeandikisha na asiyejibu.

Haki ya kujibu haikutoka hewani. Ipo katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998, ambayo ndiyo msingi wa utaratibu wote huu. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania alimpiga picha mtoto wake mdogo akicheza jikoni, sekunde 29, huku wimbo wa Prince ukisikika kwa mbali. Kampuni ya muziki ikataka video iondolewe. Safari hiyo hakukuwa na mashini, alikuwa karani wa damu na nyama. Mama akakataa, akaenda mahakamani. Mwaka 2015 mahakama ya rufani iliamua kwamba mwenye haki lazima afikiri kwanza kama matumizi yale yanaruhusiwa na sheria, kabla ya kutaka kitu kiondolewe. Na Ulaya, Aprili 2022, mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mitambo ya kuchuja isiyoweza kupambanua kilicho halali na kisicho halali haifai kutumika. Maamuzi hayo ni mazuri. Lakini hukumu haiingii yenyewe ndani ya mashini, na kesi ya yule mama ilikwisha mwaka 2018, mtoto akiwa karibu kumaliza shule ya msingi.

Kwaya yetu inanaswa wapi

Ninavyoona mimi, kwaya zetu zina mashimo matatu ya kutumbukia, na moja wanalichimba wenyewe.

Shimo la kwanza ni studio. Fundi wa studio mara nyingi hana muda wa kutengeneza kila kitu. Hununua mdundo uliokwisha tengenezwa, unaouzwa mtandaoni kwa ye yote, ama hutumia midundo iliyomo ndani ya kinanda cha umeme tangu kiwandani. Si kosa. Lakini mdundo huo huo umenunuliwa na mtu wa Brazil, na mwingine wa Ufilipino. Mmoja wao akiandikisha wimbo wake daftarini, mashini itamnasa kila mwenye mdundo ule, pamoja na kwaya yenu. Kwa kweli YouTube imekataza kuandikisha midundo ya namna hiyo, lakini katazo ni jambo moja na kushikwa ni jingine. Basi siku ya kurekodi mwulize fundi: mdundo huu umetoka wapi? Akuandikie katika karatasi, atie sahihi. Na kama aliununua, akupe nakala ya risiti.

Shimo la pili ni yule anayewawekea nyimbo mtandaoni. Pengine ni fundi huyo huyo, pengine ni kijana wa mjini mwenye kampuni ndogo. Huwaambia, msisumbuke, mimi nitafanya yote. Naye hupitisha nyimbo kwa wakala mkubwa, ambaye huziandikisha daftarini kwa jina alilopewa. Jina gani? Mkigombana naye baada ya miaka miwili, mkaenda kurekodi kwa mwingine, mkaweka wimbo wenu tena, mtashangaa kusikia kwamba mmeiba wimbo wa mtu, na mtu mwenyewe ni yeye. Makubaliano ya mdomo hayatawasaidia. Andikeni, hata kwa ukurasa mmoja wa daftari la shule: nyimbo ni za nani, fedha zinagawanywaje, mkataba unakwisha lini. Mashahidi watie sahihi.

La tatu twalichimba wenyewe, na sipendi kulifunika. Kwaya nyingi huimba na kurekodi nyimbo za watunzi walio hai, wa jimbo jingine au wa nchi jirani, bila kuwaomba. Husema, ni nyimbo za Mungu, hazina mwenyewe. Kuuimba wimbo katika ibada ni jambo moja. Kuurekodi na kuuweka mahali penye fedha ni jambo jingine. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki, ya mwaka 1999, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na aliyetafsiri wimbo wa kigeni naye ana haki juu ya tafsiri yake. Mtunzi huyo akileta dai, msikimbilie kusema mashini imekosea. Safari hiyo mashini imesema kweli. Afadhali kumwandikia barua mapema. Wengi wao, ukiwaomba kwa heshima, hutoa ruhusa kwa furaha.

Na nyimbo zenu ninyi wenyewe ziandikisheni katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Kuandikisha huko hakuiamuru mashini ya Marekani, lakini siku ya mabishano mtakuwa na karatasi ya serikali yenye tarehe. Rekodi halisi pia mwombeni fundi awape, sauti ya kila chombo peke yake, mwiweke katika vifaa viwili na katika nyumba mbili. Mwizi anao wimbo uliokamilika tu. Vipande vyake hana.

Siku hodi itakapopigwa

Tuseme basi taarifa imekuja. Kwanza someni vizuri ni ya namna gani, kwa maana ziko mbili, na watu huzichanganya. Iliyo nyepesi ni dai la mashini. Hilo huchukua fedha au huzuia video, lakini halijaharibu jina lenu. Iliyo nzito ni onyo la sheria, linaloletwa na mtu aliyeandika rasmi kwamba mmemwibia. Maonyo 3 ndani ya siku 90 yaweza kufunga ukumbi wenu wote wa YouTube, na nyimbo zote zilizomo.

Dai la mashini hujibiwa humo humo katika YouTube, bila kulipa senti. Hapana haja ya wakili, wala ya kijana wa mjini anayetaka shilingi elfu hamsini ili awatolee dai. Andikeni kwa maneno machache: wimbo huu umetungwa na fulani, umeimbwa nasi, umerekodiwa tarehe fulani katika studio fulani, mdundo una ruhusa hii. Mkiweza, jibuni kabla ya siku 5 kupita. Mkifanya hivyo, fedha zote tangu siku ya dai huwekwa kando, hapewi mtu, mpaka shauri liishe. Mdai akishikilia dai lake, mnaweza kukata rufani. Njia hiyo ya rufani iliwekwa Oktoba 2012, miezi michache baada ya shauri la ndege. Hapo mdai ana siku 7 za kuchagua: aachilie, au aandike rasmi kwamba mmemwibia, na likija hilo ndilo onyo zito.

Sitaki kuwadanganya kwamba njia yote ni nyepesi. Kulijibu onyo zito kwahitaji jina lenu halisi na mahali mnapokaa, vyote apelekewe mdai, tena mkubali kwamba akitaka anaweza kuwashtaki katika mahakama ya Marekani. Kwa mwenyekiti wa kwaya aliyeko kijijini, maneno hayo ni mazito kama jiwe la kusagia, na nadhani waliotunga sheria hawakumfikiria mtu kama yeye. Mahali hapo ndipo pa kutafuta shauri la COSOTA au la mwanasheria kabla ya kutia sahihi.

Lakini madai mengi hayafiki huko. Mdai akipelekewa jibu la kwanza ana siku 30 za kusema neno. Wadai wa kubahatisha mara nyingi hawasemi, kwa kuwa hawana la kusema. Siku 30 zikipita naye yuko kimya, dai lake linaanguka, na fedha zilizowekwa kando zinarudi kwa waimbaji.